Esna si lango la maji tu: jinsi ya kuuona mji unaopitwa usiku kwenye Mto Naili

Ratiba za meli za kitalii kati ya Luxor na Aswan, nchini Misri, zina mstari mmoja unaowachanganya wengi: "Kupita Esna." Abiria husoma wakadhani watashuka mjini. Mara nyingi hawashuki. Neno hilo kwenye ratiba lina maana ya lango la maji, sehemu ambapo meli hupandishwa au kushushwa ili ivuke kizuizi kilichojengwa kukata mto. Meli huondoka Luxor alasiri, hufika langoni jioni au usiku, hungoja zamu yake, huvuka, kisha huendelea hadi Edfu huku abiria wamelala. Asubuhi Esna iko nyuma kilomita 50, na kilichoonekana ni taa za ukutani na wachuuzi wa majini.

Hiyo ni hasara, kwa sababu Esna ni kati ya miji michache kwenye njia hiyo ambapo hekalu, soko, nyumba ya wafanyabiashara wa misafara na mnara wa msikiti wa karne ya 11 viko ndani ya mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka mtoni. Edfu utapakiwa kwenye gari la farasi. Kom Ombo utateremka, utaona hekalu, utarudi. Esna unatembea katikati ya watu wanaonunua nguo na vitunguu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia safari, muulize wakala maswali matatu, na usikubali jibu la "ndiyo, Esna ipo." Je, meli inafunga gati mjini Esna au inapita langoni tu? Inafunga saa ngapi, mchana au usiku? Na je, kutembelea hekalu kumo ndani ya bei, au ni nyongeza ya hiari? Safari ya kupanda mto, Luxor kwenda Aswan, kwa kawaida ni usiku 4. Ya kushuka, Aswan kwenda Luxor, ni usiku 3. Ile ya usiku 4 ndiyo yenye nafasi ya kupumua, na hata pale ambapo Esna haimo, meneja wa meli anaweza kukuruhusu ushuke ikiwa meli imefunga gati kungoja zamu. Lakini usishuke kwa kubahatisha. Foleni ikisogea, meli husogea nayo.

Foleni hutokea kwa nini? Lango ni chumba kirefu cha zege chenye mlango kila upande. Meli ikipanda kwenda Aswan, huingia chini, mlango wa nyuma hufungwa, maji ya upande wa juu huachiliwa yaingie, na meli huinuka taratibu mita kadhaa mpaka ilingane na mto wa upande wa pili. Kisha mlango wa mbele hufunguliwa. Meli ya kitalii ya Naili ina urefu wa mita 70 hivi na upana wa mita 14 hivi, na chumba kimoja hubeba mbili, moja nyuma ya nyingine. Msimu wa watalii, Oktoba hadi Aprili, meli nyingi huondoka Luxor siku zilezile na saa zilezile, zikafika Esna kwa pamoja. Hapo kusubiri saa mbili tatu ni jambo la kawaida. Kizuizi cha kwanza kilimalizika mwaka 1908, enzi za Waingereza, ili kuinua maji ya kumwagilia mashamba. Kilichopo sasa, chenye mitambo ya umeme, kilijengwa miaka ya 1990 chini kidogo ya kile cha zamani.

Kuna nyakati lango hufungwa kwa matengenezo. Hapo kampuni huwashusha abiria upande mmoja, huwapandisha basi, na kuwapakia kwenye meli nyingine upande wa pili. Ukiambiwa hivyo, usifikiri umetapeliwa. Ila uliza mapema tarehe zako zinaangukia wapi. Pia miezi ya Machi na Aprili huja upepo wa khamsini, unaobeba vumbi la jangwani. Ukivuma vibaya, nahodha haoni mbele na meli husimama popote ilipo.

Ukiwa sitahani langoni utaona jambo ambalo kila mtu hulipiga picha. Wachuuzi huja kwa mitumbwi ya makasia, hufunga kamba kwenye meli inayotembea, kisha hurusha bidhaa juu ghorofa nne: kanzu, shali, vitambaa vya meza, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki. Ukikipenda, mnapatana bei kwa kelele, unatia pesa kwenye mfuko na kuurusha chini. Usipokipenda, rudisha bidhaa kwenye mfuko uleule, ukiufunga vizuri, kwa maana ukianguka majini umeshanunua. Fungua ukague kabla ya kulipa: shida zinazojitokeza mara nyingi ni saizi kutofautiana na ile iliyotajwa, na shali ya "pamba" kuwa nailoni. Bei ya kwanza gawa kwa tatu ndipo uanze. Na usisimame chini ya mahali wanaporushia.

Sasa mji. Uko ukingo wa magharibi, kilomita 55 hivi kusini ya Luxor. Wamisri wa kale waliuita Iunyt na pia Ta-senet, na jina la leo limetokana na hilo la pili. Wagiriki waliuita Latopolis, na hapa msomaji wa Mwanza au Kisumu asikie vizuri: *latos* ni yule samaki ambaye wataalamu humwita *Lates niloticus*, yaani sangara, mbuta kwa watu wa Kisumu, mputa kwa Waganda. Latopolis ni Mji wa Sangara. Samaki huyu alikuwa wa mungu mke Neith, aliyesemekana kujigeuza sangara, na Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba watu wa mji huo walimheshimu. Magharibi ya mji kulikuwa na makaburi ya sangara waliokaushwa na kufungwa sanda, wengine wakubwa kupita mtu mzima, wengine wadogo kama kidole. Kwetu sangara ni mgeni: aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, kwa sababu maporomoko ya Murchison yalikuwa yamemzuia kupanda kutoka Naili ya chini tangu zamani. Huku Esna yeye ndiye mwenyeji.

Kutoka gatini, panda ngazi hadi barabara ya ukingoni. Ukiwa karibu na maji, tafuta kwanza mawe ya gati la kale, la enzi za Warumi, lenye jina la Kaisari Marcus Aurelius. Wageni wengi huyapita bila kujua. Kutoka hapo kulikuwa na njia ya maandamano ya mita 200 hivi moja kwa moja hadi hekaluni, na leo njia ya watalii hufuata karibu mstari uleule, ikipita kati ya maduka ya shali na vinyago. Wenye maduka watakuita. "La, shukran" mara moja, kwa tabasamu, bila kusimama, yatosha. Ukisimama kueleza kwa nini hutaki, mazungumzo yameanza. Ukitoa salamu ya "Asalaam aleikum" kwa lafudhi ya pwani, jiandae kuulizwa umetoka wapi, na hayo yana utamu wake.

Hekalu hulioni mpaka uko juu yake. Liko ndani ya shimo, sakafu yake mita 9 hivi chini ya barabara, na nyumba za watu zimesimama kulizunguka pande zote. Halikujengwa shimoni. Kila mwaka Naili ilifurika ikaacha tope lililotoka hasa nyanda za juu za Ethiopia, na watu nao walijenga nyumba juu ya vifusi vya nyumba zilizobomoka, karne baada ya karne, mpaka ardhi ikafika kwenye vichwa vya nguzo. Katika karne ya 19, wakati wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri wa enzi hizo, ukumbi ulisafishwa ndani na kutumika kama ghala la pamba. Kinachoonekana ni ukumbi wa mbele tu: mita 37 kwa 20, na kimo cha mita 15. Ukuta wa nyuma ni wa enzi za Waptolemaio, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri kabla ya Warumi. Ukumbi wenyewe uliongezwa na Warumi, kuanzia Klaudio, yule Kaisari anayetajwa katika Matendo ya Mitume, na kazi ya kuchonga iliendelea kwa miaka 200 hivi hadi Kaisari Decius, aliyetawala mwaka 249 hadi 251. Haya ni miongoni mwa maandishi ya mwisho kabisa ya picha kuchongwa kwenye hekalu la Misri.

Tiketi hukatwa kwenye kibanda nje. Katika maeneo mengi ya kale ya Misri siku hizi malipo ni kwa kadi tu, hawapokei noti. Hakikisha kadi yako imefunguliwa kutumika nje ya nchi kabla hujaondoka nyumbani. Hapa ndipo wengi hukwama, wana dola mfukoni na hawawezi kuingia. Noti ndogo za pauni za Misri, za 10 na 20, weka kando kwa bakshishi na bajaji. Mlinzi akikuonyesha kona fulani bila kuombwa, anategemea kitu. Si lazima, lakini ukimfuata umekubali.

Ingia asubuhi ukiweza. Mlango unatazama mashariki, mtoni, na jua la saa mbili au saa tatu asubuhi huingia kati ya nguzo za mbele. Chukua darubini ndogo. Nasisitiza hilo kuliko kamera, kwa kuwa utajiri wa Esna uko darini, mita 15 juu ya kichwa chako.

Mpaka mwaka 2018 dari hilo lilikuwa jeusi tititi. Karne nyingi za moshi wa moto wa kuni, kinyesi cha ndege na popo, utando wa buibui. Mwaka huo Wizara ya Mambo ya Kale ya Misri na Chuo Kikuu cha Tübingen cha Ujerumani walianza kulisafisha. Hawakupaka rangi mpya hata tone. Walichofanya ni kuondoa masizi, na chini yake zikatoka rangi zilizopakwa karibu miaka 2,000 iliyopita: buluu, nyekundu, manjano, kijani. Masizi yaliyolifanya hekalu lionekane limekufa ndiyo yaliyozilinda. Mahekalu mengi ya Misri leo ni rangi ya mchanga mtupu, na mgeni hudhani ndivyo yalivyokuwa. Ukitoka Esna hutadhani hivyo tena.

Dari limegawanywa vipande 7 virefu. Kile cha katikati, juu ya njia ya kuingilia, kina safu za ndege 46 waliokunjua mabawa. Usiwapite haraka: 24 wana kichwa cha tumbusi, ndiye mungu mke Nekhbet wa Misri ya Juu, yaani kusini, na 22 wana kichwa cha swila, ndiye mungu mke Wadjet wa Misri ya Chini, yaani kaskazini. Vipande vya pembeni ni vya anga: mwezi, saa za usiku, na zile nyota 12 ambazo msomaji wa magazeti yetu anazifahamu kwa majina ya Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Elimu hiyo ilitoka Babeli, ikaingia Misri kupitia Wagiriki. Jitahidi kutafuta Nge na Mshale. Ni rahisi kuwatambua bila msaada. Masizi yalipoondolewa yalitokea pia maandishi ya wino ambayo hayakuwahi kuchongwa, yakitaja makundi ya nyota kwa majina. Mfaransa Serge Sauneron, aliyenakili maandishi ya hekalu hili katika karne ya 20, hakuweza kuyaona.

Ukishusha macho, nguzo ni 24, sita zikiwa ukutani mbele na 18 zikisimama ndani. Vichwa vyake vimechongwa majani na maua, na vingi havifanani. Mwenye hekalu ni Khnum, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, mfinyanzi aliyeumba watu kwa udongo juu ya gurudumu lake. Maandishi ya nguzoni ni ya sikukuu zake, zikiwemo sala za kuliweka gurudumu hilo matumboni mwa wanawake ili uzazi uendelee. Halafu nenda kwenye kona za mbele, karibu na milango midogo. Huko kuna tenzi mbili za kumsifu Khnum zilizoandikwa kwa fumbo: mmoja karibu wote ni picha za kondoo dume, mwingine ni mamba kwa mamba kwa mamba. Makuhani walikuwa wakicheza na hati yao kama malenga anavyocheza na vina, wakati watu wa kuisoma walikuwa wanapungua. Waongozaji wengi hawapaonyeshi, kwa kuwa huchukua muda kueleza. Muombe.

Dakika 45 ni za lazima, saa moja ndiyo haki. Kundi la meli hupewa nusu saa. Ukitaka zaidi, mwambie mwongozaji mapema kwamba utarudi melini mwenyewe. Si mbali, hupotei, ila andika jina la meli yako. Meli hufungwa ubavu kwa ubavu, hata nne tano, na ili kufika kwenye yako unavuka kumbi za nyingine. Zote zina sakafu inayong'aa na majina yanayofanana. Beba kile kikadi cha kupandia wanachokupa mlangoni.

Ukitoka shimoni, wengi hugeuka moja kwa moja kurudi mtoni. Wewe vuka. Mkabala na hekalu kuna Wakala ya el-Geddawi, jengo la mwishoni mwa karne ya 18 la Hassan Bey el-Geddawi, amiri wa Kimamluki, tabaka la wanajeshi waliokuwa na utawala Misri. Neno ni letu hilohilo, wakala, lakini hapa ni nyumba: ua katikati, chini maghala, juu vyumba vya kulala wafanyabiashara. Misafara ya ngamia kutoka Sudan ilishushia hapa gundi ya migunga, pembe za ndovu na manyoya ya mbuni, na watumwa pia walipitishwa njia hizo. Jengo lilikaa miaka mingi likiwa gofu. Limetengenezwa katika mradi wa kuufufua mji wa kale wa Esna unaoendeshwa na kampuni ya Takween, mradi uliopata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2025. Angalia milango ya mbao na matofali yalivyopangwa kwa mapambo juu yake.

Jirani ni al-Qisariya, mtaa mwembamba uliofunikwa kwa mbao, wa vitambaa na mafundi cherehani. Jina limetokana na Kaisari, kama ilivyo kwa masoko ya aina hii nchi nyingi za Kiarabu. Hapa ndipo pa kununua kanzu, wala si langoni: fundi atakupima na kushona au kupunguza, ukimkuta asubuhi na meli yako inaondoka jioni. Kama una saa mbili tu, nunua iliyo tayari, aikate pindo ukingoja. Wateja ni wenyeji, na bei haina ile kelele ya soko la watalii. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu, hasa akina mama, na funika mabega.

Ulizia pia kinu cha mafuta cha Bakour. Esna ni mahali ambapo mbegu za saladi, yaani letasi, bado hukamuliwa mafuta, zao ambalo Wamisri wa kale walilihusisha na Min, mungu wa uzazi. Nunua chupa ndogo iliyozibwa vizuri, na uifunge kwenye mizigo ya chini, maana mafuta zaidi ya mililita 100 hayapiti ukaguzi wa mizigo ya mkononi.

Mnara wa msikiti wa al-Amri utauona ukichungulia juu ya mapaa. Ni wa mwaka 1081, enzi za Wafatimi, nasaba ya Kiislamu iliyotawala Misri. Msikiti wenyewe umejengwa upya, lakini mnara ni uleule wa matofali: kitako cha mraba, juu yake mwili unaokonda. Ijumaa mchana mitaa hii hujaa na maduka mengi hufungwa kwa swala, kwa hiyo panga hekalu kabla na soko baada.

Ikiwa una nusu siku, ziko monasteri za Wakristo wa Kikopti nje ya mji: Deir al-Shuhada, ya mashahidi, kusini-magharibi, na Deir al-Fakhuri, kaskazini-magharibi. Fakhuri ni mfinyanzi. Mji wa mungu mfinyanzi, na monasteri ya mfinyanzi. Kwenda huko chukua gari, si bajaji, na patana bei ya kwenda, kungoja na kurudi kabla ya kupanda.

Kuna njia moja ya kukwepa foleni yote, nayo ni dahabiya, jahazi la matanga lenye vyumba vichache. Mswahili atasikia dhahabu ndani ya jina hilo, na hajakosea. Dahabiya nyingi huanzia Esna yenyewe, kusini ya lango, ili zisihitaji kulivuka. Abiria huletwa kwa gari kutoka Luxor, mwendo wa saa moja hivi. Ni ghali zaidi na ni ya polepole, upepo ukikataa huvutwa na boti ya injini. Lakini gari likikushusha Esna saa tatu asubuhi na jahazi linang'oa nanga saa sita, una saa tatu mjini. Mwambie dereva akupeleke hekaluni kwanza, mizigo itangulie gatini.